Kilti Isiyoguswa na Mkasi

Habari hii nilipewa na Ishbel mwenyewe, majira ya baridi yale theluji ilipoziba njia ya kanisani kwa wiki tatu, nami nikawa naenda kwake kila mchana tukichambua sufu pamoja. Alikuwa ameshapita miaka sitini, vidole vimeanza kukakamaa. Lakini tulipofika hapa pa kilti aliiweka sufu chini, akaituliza mikono yake mapajani kama mtu aliye kanisani. Mengine niliyaona mwenyewe, kwa kuwa nilikuwa jirani. Yaliyobaki ni yake, nami nayaweka kama alivyoyasema.

Ilikuwa mwezi wa Juni, mwaka wa hamsini na moja. Ishbel alikuwa na miaka thelathini, fundi wa kilti, zile sketi nzito za marinda wanazovaa wanaume wa huku kwetu, kama shangazi yake Effie, aliyemlea na kumfundisha kushika sindano. Vijana wa mabonde matatu walikwenda harusini na mazikoni wakiwa wamevaa marinda yaliyopita mikononi mwake. Na habari zake kila mtu alizijua. Alipokuwa na miaka kumi na tisa alikuwa mchumba wa Ranald MacVarish, mtoto mkubwa wa Bi Marsaili. Ranald akaenda vitani Ufaransa, asirudi. Hata kaburi lake halikujulikana liko wapi.

Tangu hapo, kila Jumapili baada ya ibada, Ishbel alikwenda kuketi na mama yule. Wanakunywa chai, wanamtaja Ranald, kisha anarudi kwao. Miaka kumi na moja. Bi Marsaili alimwita binti yangu, na watu wakazoea kuwaona wawili hao wamekaa benchi moja kanisani, wote wawili wamevaa nyeusi, kama mjane na mjane.

Kilichokuja kuiharibu chai ile ni mapenzi.

Ranald alikuwa ameacha mdogo wake, Torquil. Alikuwa mkata miti huko kwenye misitu ya bwana mwenye ardhi, mfupi kuliko kaka yake, mpana wa mabega, mtu wa maneno machache. Yeye ndiye aliyekuwa akimsindikiza Ishbel Jumapili jioni mpaka kwenye daraja la mawe, kwanza kwa adabu tu, maana mama alimwagiza. Mwaka wa kwanza walizungumza habari za kondoo. Mwaka wa tatu walikuwa wanazungumza kila kitu. Mwaka wa tano hawakuzungumza kitu, na njia ikawa fupi mno. Wakifika darajani wanasimama wanayatazama maji, huyu anangoja yule aseme kwaheri, na yule hasemi.

Siku moja ya mwezi wa Aprili, mvua nyembamba inanyesha, Torquil alisema bila kugeuza uso:

"Mimi nimechoka kukusindikiza, Ishbel. Nataka siku moja tuwe tunakwenda nyumba moja."

Ishbel aliniambia hakujibu neno. Alimshika mkono wa koti, palepale penye kiwiko, na akabaki ameshika hivyo mpaka mvua ikawalowesha wote wawili.

Torquil alimweleza mama yake mwishoni mwa Mei. Bi Marsaili hakupiga kelele. Aliinuka mezani, akaenda akakaa juu ya sanduku lililoko chini ya dirisha, akakaa hapo mpaka moto ukazimika. Jumatatu ya pili ya Juni akamwita Ishbel.

Ishbel alipoingia hakukuta birika motoni. Hilo peke yake lilimtosha kujua. Bi Marsaili alikuwa amesimama, sanduku liko wazi, na harufu ya yale majani makavu tunayoyachuma majimajini kufukuzia nondo imejaa chumba kizima. Juu ya meza, kilti ya ukoo imelazwa.

Kilti ile ilikuwa na sifa yake hapa kwetu. Kitambaa chake cha tartani kilifumwa na bibi mzaa babu yake Torquil: miraba ya kijani kizito na bluu ya usiku, na mstari mmoja mwembamba wa wekundu wa kutu, rangi aliyoichemsha mwenyewe kwa ukoga uliokwanguliwa kwenye mawe. Wanaume wanne wa nyumba ile walikuwa wameivaa, na haikuwahi kuguswa na mkasi. Ndiyo ilivyokuwa desturi yao. Mmoja akiondoka duniani, kilti inafumuliwa marinda yote mpaka inakuwa tena kipande kirefu cha nguo, halafu mwanamke atakayeishi na mrithi anaikunja upya kwa mwili wa mume wake. Mnene anapata marinda machache, mwembamba anapata mengi. Nguo ni ileile.

"Nilimkunjia baba yao mwaka nilioolewa," Bi Marsaili alisema. "Na nikamkunjia Ranald kabla hajaenda. Ile ilikuwa kazi yako. Nilikushikia tu nafasi, nikijua akirudi mtaoana."

Ishbel akasema anajua.

"Sasa huyu mwingine anasema anakupenda. Yeye simwulizi. Macho anayo. Ninayekuuliza ni wewe. Ukimtazama Torquil, unamtazama yeye, au unamtafuta mwenzake?"

Hapo Ishbel alichelewa kujibu. Aliniambia hakuchelewa kwa kuwa hakuwa na jibu. Alichelewa kwa sababu swali lile alikuwa amejiuliza mwenyewe mara nyingi, usiku na mchana, na kila mara aliogopa kujijibu haraka. Lakini mama mtu alikuona kule kuchelewa, na uso wake ukajifunga.

"Sijui nikuonyeshe vipi, mama," Ishbel akasema.

"Mimi ninajua. Ichukue. Ifumue, umkunjie Torquil. Lakini usimpime. Futi isimguse, wala usimwite aje ajaribu. Fundi wewe. Kama unamjua, mikono yako itajua. Jumamosi niletee hapa, avae mbele yangu. Ikimkaa, Jumapili mchungaji awatangaze kanisani na mimi nitakuwa nimekaa benchi la mbele. Na ikiwa umemshonea Ranald tena..." Akaipapasa ile nguo, hakumalizia neno. Baadaye akasema polepole, "Basi utamwachia njia mwanangu. Akatafute mke ambaye hakutoka kwenye msiba wangu. Nipe neno lako."

Ishbel angeweza kukataa. Wote wawili walikuwa watu wazima, na hakuna sheria ya kumzuia mtu wa miaka thelathini kuolewa. Lakini alikuwa amekunywa chai ya mama yule miaka kumi na moja. Akampa neno. Kisha akaichukua kilti kwa mikono miwili kama anavyochukuliwa mtoto, akatoka nayo.

Shangazi Effie alipoelezwa alicheka mpaka akakohoa.

"Kumkunjia mwanamume bila kumpima," alisema. "Mimi nimewapima mia nne kwa mkono wangu huu, na bado wawili walirudi kulalamika. Mmoja alisema nimembana, kumbe amekula Krismasi yote. Marsaili kafikiri hii kazi ni uganga?"

Lakini alipoishika ile nguo kicheko kilimwisha. Aliigeuza ndani nje, akatazama sindano ya Marsaili, mishono midogo iliyobana kama meno ya panya, akasema tu kwamba mwanamke yule alikuwa fundi siku zake, na alipokuwa anashona hii alikuwa na furaha. Mshono unaonyesha.

Ishbel alifumua siku nzima ya Jumanne. Kila uzi aliouchomoa aliuweka ndani ya kisahani cha chai, hakutupa hata mmoja. Jioni nguo ikawa imelala sakafuni, ndefu kutoka dirishani mpaka mlangoni. Na marinda ya Ranald yalikuwa bado yamo. Sufu iliyokunjwa miaka kumi na mbili hailali sawa siku moja. Ilikuwa imejaa mikunjo iliyosimama, moja baada ya nyingine, kama matuta ya viazi.

Jumatano akaanza kukunja. Alisema kazi ilikwenda vizuri ajabu. Vidole vilikimbia. Mstari mwekundu uliangukia katikati ya kila rinda bila taabu, kama wapendavyo MacVarish, na kufika mchana alikuwa amepitisha marinda kumi na moja. Effie alikuwa anamenya viazi karibu na moto. Akainuka, akaja akasimama nyuma yake, kisu mkononi.

"Umekunja vizuri sana," alisema. "Huyu ni nani?"

Ishbel akatazama. Akaweka shubiri yake juu ya rinda la mwisho, akapima kwa kidole gumba. Akaweka juu ya la kumi, la tisa. Yote yalikuwa membamba. Yote yalikuwa ya mtu mrefu wa kiuno chembamba. Alikuwa anafuata mikunjo ya zamani bila kujua, nguo ndiyo iliyokuwa inamwongoza naye anaifuata tu.

"Nilikaa pale chini," aliniambia, "nikasema basi, mama yake kaniona kuliko ninavyojiona. Nikafumba macho nimwone Ranald. Nilitaka nimwone kwa mara ya mwisho kisha nirudishe kilti. Na sikumwona. Nakwambia kweli tupu. Nilikumbuka kwamba alikuwa mrefu, kwa sababu watu husema alikuwa mrefu. Nikatafuta sauti yake, haipo. Nikatafuta anavyotembea, haipo. Nililia sana siku ile. Effie alidhani nalilia mapenzi ya zamani. Nilikuwa nalia kwa kuwa nimemsahau, na nilikuwa sijui tangu lini."

Effie akamwachia alie. Alipomaliza akampa kiazi cha moto chenye chumvi, akamwambia nguo ndiyo inayokumbuka, wewe hukumbuki, basi isahaulishe. Akaweka pasi mbili za chuma jikoni.

Wakalowesha vitambaa, wakapiga pasi mkunjo mmoja mmoja, mvuke umejaa nyumba. Harufu ya sufu iliyoloa ikatoka, na ndani yake harufu ya moshi, ya mafuta ya ngozi, ya wanaume wasiojulikana. Walipiga pasi mpaka kitambaa kikalala bapa. Alhamisi asubuhi kilikuwa hakimjui mtu.

Alhamisi hiyohiyo Torquil akaja. Ishbel alimwona kupitia dirishani akatoka haraka kumzuia ukutani, ule ukuta mfupi wa mawe ulioko mbele ya nyumba, ili asije akaonekana amemkaribisha ndani. Wakasimama yeye upande huu, yule upande ule. Torquil alikuwa ametoka msituni, ana vumbi la mbao nyusini, na amekasirika. Alikuwa mtu anayekasirika kimya, ukimjua utaona kwenye taya.

"Nimesikia mmeniweka mnadani," alisema. "Wewe na mama. Kama dume la kondoo."

"Nani kakwambia?"

"Mama mwenyewe. Anaona ni haki kabisa. Na wewe ukakubali. Hukuniuliza."

Ishbel akasema hakuwa na njia nyingine.

"Njia ipo. Kuna mchungaji, kuna kanisa, kuna mimi. Mama angenuna mwaka mmoja, angechoka."

"Asingechoka, Torquil. Na mimi nisingeweza kukaa nyumba moja na mtu ninayempitia mlangoni haniamkii. Amepoteza mmoja. Unataka nimpokonye wa pili?"

Torquil akaangalia chini, akawa anabandua ukoga juu ya jiwe kwa ukucha. Alipozungumza tena sauti ilikuwa imeshuka.

"Na ukikosea?"

"Nitashika neno langu."

"Neno lako kwake. Na lile la darajani?"

"Pale sikusema neno," Ishbel akasema, na papo hapo akajuta.

Torquil alimtazama. Ishbel aliniambia macho yale hajayasahau, hata baada ya kuzaa naye watoto watatu na kuzeeka naye. Yalikuwa macho ya mtu aliyekuja na swali moja tu tangu zamani, na siku zote anarudi nalo nyumbani.

"Basi nakuuliza sasa. Nimevaa mabuti ya Ranald mpaka yalipochakaa. Nimelala kitanda chake. Mama akiniita huanza na jina lake kwanza ndipo langu linafuata. Nimezoea, simlaumu. Lakini nikisimama mbele yako, Ishbel, nataka nijue. Unamwona nani?"

Ishbel akafungua kinywa. Na maneno yaliyokuwa yanamjia yote yalikuwa madogo, ya kusemwa na kila mtu. Akaona akisema lolote hapo litakuwa kama kumtuliza mtoto. Akasema:

"Ningoje Jumamosi."

Torquil akavaa kofia. Akasema Jumamosi ni mbali, akageuka akaondoka.

Alipanda ile njia ya mlimani kwa hasira, amenyooka kama fimbo, mpaka akapita zizi la kondoo na akadhani hakuna anayemwona. Hapo mwili ukalegea. Nyonga ya kushoto ikashuka, bega la kulia likapanda kidogo kuisaidia, na akaendelea hivyo, akichechemea taratibu, mpaka kilima kikamficha.

Mwaka wa arobaini na sita mti ulimwangukia msituni. Alikaa hospitali ya mjini miezi miwili. Mama yake aliambiwa ni kuvunjika kidogo, na alipotoka alikuwa akiingia nyumbani kwao amejikaza, anatembea sawasawa kutoka mlangoni mpaka kwenye kiti, anakaa. Alifanya hivyo kila siku ya Mungu. Kwa Ishbel pia alijikaza mwaka mzima. Mwaka wa pili, pale njiani, siku moja aliacha kujikaza. Hakusema kitu, na Ishbel hakuuliza kitu. Alipunguza mwendo tu. Alichomwomba ni kimoja, mama asijue. "Amezika mmoja asiye na mwili," alimwambia. "Asianze kunihesabu mimi vipande."

Ishbel akabaki ukutani mpaka upepo ukampiga baridi. Kisha akaingia ndani, akapiga magoti kwenye ile nguo, akaanza.

Hakufumba macho tena kumtafuta mtu. Alijua kiuno kile kwa sababu alishawahi kushika mshipi wake upepo ulipotaka kuwaangusha wote wawili darajani. Alijua mapaja yake yanavyojaza suruali anapopanda ukuta. Alikunja marinda mapana, ishirini na mawili, na kila alipokunja moja mstari mwekundu ulikataa kwanza, kisha ukakubali. Alipofika kwenye ukanda wa kiunoni akasimama kidogo. Akaupandisha upande wa kushoto, akaukunja ndani upana wa kidole, akashona mshazari mpaka mbele. Effie alitazama, akataka kusema, kisha akarudi zake kwenye viazi.

Jumamosi ilikuwa ya jua. Ishbel na Effie walifika kwa Bi Marsaili saa za alasiri. Torquil alikuwapo, amenyoa, hajamsamehe mtu. Birika halikuwa motoni.

Bi Marsaili aliipokea kilti akailaza mezani. Akavaa miwani. Alipitisha kiganja kwenye marinda, akayahesabu kwa midomo, akaona upana wake, na kufika hapo alishajua kwamba Ranald wake hayumo tena kwenye ile nguo. Kisha mkono ukafika kwenye ukanda. Ukasimama.

Aliiweka kilti sawa na ukingo wa meza. Upindo wa chini upande wa kushoto ulikuwa juu. Akaivuta, akailaza tena. Ilikuwa bado imepinda. Ile mistari myekundu iliyotakiwa ining'inie wima ilikuwa inakimbilia upande mmoja kama mvua ya upepo.

"Umeipinda," alisema.

Ishbel akaficha mikono nyuma.

"Miaka yote hii, wanawake watatu, hakuna aliyeipinda. Mtoto wa shule asingeshona hivi. Ulikuwa unawaza nini, Ishbel? Au mkono umekataa?"

Alimgeukia Effie, akamwuliza kama naye aliona kazi hii ikitoka nyumbani kwake. Effie akasema yeye ni mzee, macho yamekuwa mabaya. Ishbel alikuwa anatazama sakafu. Neno lilikuwa moja tu la kusema, na halikuwa lake. Alikuwa amemwahidi mama, na alikuwa amemwahidi mwana, na hizo ahadi mbili zilikuwa zimekutana mlangoni, hakuna ya kuipisha nyingine.

"Nimeshona nilivyojua," akasema.

"Basi tumeona." Bi Marsaili akavua miwani. "Sina ubaya na wewe. Lakini ulinipa neno."

Torquil alikuwa amesimama karibu na mlango. Alikuwa ameikodolea ile kilti muda wote, ule upande wa kushoto, na uso wake ulikuwa umebadilika. Hasira ilikuwa imemtoka, na kilichokuja mahali pake Ishbel hakukitazama mara mbili, maana angelia mbele za watu. Akaja mezani akaichukua.

"Ulisema nivae mbele yako, mama. Sijavaa bado."

"Hakuna haja."

"Ipo."

Akaingia chumba cha pili. Aliporudi alikuwa ameivaa, na shati jeupe, na soksi za sufu. Akaenda moja kwa moja mbele ya mama yake, akapiga magoti sakafuni bila kujikaza, kama apimwavyo mwanamume yeyote anayevaa kilti: akipiga magoti, upindo uiache sakafu kwa kidole kimoja, mzingo wote.

Bi Marsaili hakutaka kuinama. Lakini mkono wa fundi una tabia yake. Akainama, akaweka kidole mbele. Kidole kimoja. Akaenda kulia. Kimoja. Akaenda nyuma, akipapasa marinda, akafika kushoto, pale palipopinda. Akaweka kidole. Akakitoa, akakiweka tena. Akazunguka mara ya pili.

Ilikuwa sawa pande zote.

"Simama," alisema.

Akasimama, bado hajajikaza. Mistari myekundu ishirini na miwili ilishuka wima nyuma yake kama imepigwa kwa uzi wa fundi mwashi.

"Tembea."

Torquil akatembea mpaka dirishani, vilevile anavyotembea nyumbani, amejikaza, mwili umenyooka. Na kilti ikapinda.

Bi Marsaili alitazama ule upindo uliopanda kushoto. Alitazama mwanawe. Akamtazama Ishbel, ambaye bado alikuwa anatazama sakafu.

"Sasa rudi," akasema, na sauti haikuwa yake. "Rudi unavyotembea nje."

Torquil akaacha mwili ushuke. Nyonga ikaenda chini, bega likapanda, akarudi kutoka dirishani akichechemea, hatua sita, na kilti ikalala sawasawa juu yake kila hatua.

"Tangu lini?"

"Tangu ule mti."

"Miaka mitano." Alishika ukingo wa meza. "Na mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa hapahapa, mama."

Hakuna aliyemlaumu, na labda ndiyo maana ilimwuma zaidi. Alikaa kwenye sanduku. Hakulia. Alisema, kama anayejisemea, kwamba amekuwa akimwona mtoto akiingia na kutoka miaka mitano, akimpakulia uji, akimfulia soksi, na ile ya kushoto ilikuwa inatoboka kwanza kila mara, na hakujiuliza kwa nini. Alisema macho yake yalikuwa mlangoni yanamngoja mwingine. Kisha akamgeukia Ishbel.

"Kwa nini hukuniambia? Nilitaka kukufukuza."

"Haikuwa habari yangu, mama."

Bi Marsaili akatikisa kichwa polepole. Ishbel akatoa mfukoni kikaratasi alichokuwa amekunjia zile nyuzi alizozichomoa, zile za mkono wa Marsaili mwenyewe, akamwekea mapajani. Mama yule alizishika kwa ncha za vidole, akazitazama sana. Effie, aliyekuwa amenyamaza kuliko alivyowahi kunyamaza maishani mwake, akauliza kwa upole kama nyumba hii siku hizi haina maji.

Ndipo Bi Marsaili akainuka akaweka birika motoni. Alimimina vikombe vinne. Cha kwanza akampelekea Ishbel, akasimama mbele yake mpaka alipokipokea.

"Kunywa, binti yangu," alisema. "Kesho tunawahi. Benchi la mbele linajaa mapema."

Torquil akamsindikiza Ishbel mpaka darajani, Effie ametangulia mbali kwa makusudi, anawaimbia kondoo. Huku kwetu mwezi wa Juni mwanga hauishi upesi, na maji yalikuwa meupe. Torquil akasema hataki tena kumwuliza lile swali la ukutani. Ishbel akamwambia aliulize, maana sasa ana la kusema.

"Unamwona nani?"

"Mtu anayeinamia kushoto," Ishbel akasema. "Sijamwona mwingine tangu mwaka wa arobaini na saba."

Hayo mengine ya pale darajani Ishbel hakunisimulia. Alichukua sufu yake, akachambua kidogo, akatabasamu, nami sikumwuliza.

Alinimalizia kwa lile aliloambiwa na Bi Marsaili mwenyewe, miaka mingi baadaye, karibu na kufa kwake. Jioni ile ya Jumamosi, kwao, Effie alilala na viatu. Ishbel alilala bila kuzima taa, akiwa na harufu ya pasi na sufu vidoleni. Torquil alirudi kwa mama yake, akakaa kwenye kiti cha marehemu baba yake, bado amevaa kilti, na usingizi ukamchukua hapohapo, mguu wa kushoto amenyoosha mbele kwa kuwa hana tena wa kumficha.

Bi Marsaili alivuta kigoda akakaa mbele yake. Hakumwamsha. Alimtazama nywele zilizoanza kupungua, kovu la kidevuni ambalo hakujua limetoka wapi, mikono iliyojaa vibanzi vya mbao, ule mguu. Alimtazama kipande kwa kipande, taratibu, kama mtu anayejifunza kusoma. Mwanga wa dirishani ukapungua bila kwisha. Zile nyuzi zilikuwa bado mkononi mwake. Na alipofika tena usoni kwa mwanawe, mara ya tatu au ya nne, kichwa chake kikainama kwenye mkono wa kile kiti, akalala.